Ngazi Tatu za Mbele

Daktari alipotaja siku ishirini na nne, Mwalimu alichomoa kalamu hapo hapo akaandika tarehe nyuma ya kadi ya hospitali. Siku hiyo mumewe angeruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa fundi wa umeme; miezi mitatu nyuma alianguka kutoka juu ya paa la ghala, akatua kwa mgongo, na tangu hapo miguu yake haikumsikiliza tena. Angerudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hilo Mwalimu alikuwa amelilia likaisha, au alidhani limeisha. Kilichomsumbua siku ile kilikuwa kingine. Mbele ya nyumba yao kulikuwa na ngazi tatu.

Alasiri hiyo alisimama getini akaitazama nyumba kama mpangaji anayeiona mara ya kwanza. Geti lenyewe lilikuwa jembamba, mtu mwenye ndoo hupita kwa ubavu. Kutoka getini hadi kibarazani kulikuwa na mita nne za changarawe, na gurudumu lolote lingezama humo kama kijiko kwenye sukari. Kisha ngazi. Nyuma yake ukuta wa mbele, ambao plasta yake ilikuwa imevimba na kubanduka kwa chini, kwa sababu mfereji wa paa ulitoboka zamani na kila mvua ilishukia ukutani. Kushoto kwa kibaraza palikuwa na tuta la mawaridi ya mumewe.

Na ngazi nazo zilikuwa za mumewe. Alizijenga kwa mikono yake mwaka waliohamia, akamaliza likizo nzima akiwa amepiga magoti, akazisugua kwa jiwe mpaka zikawa laini kama kaunta ya benki. Mgeni hakuruhusiwa kuingia ndani kabla ya kuzisifu.

Shuleni, Mwalimu ndiye aliyepanga ratiba. Walimu thelathini na wawili, madarasa kumi na manane, maabara moja, na mwalimu wa hesabu asiyefundisha baada ya chakula cha mchana. Yeye aliwapanga wote wakaenea. Mumewe alimwita Bi Ratiba alipotaka kumchokoza. Kwa hiyo alifanya alichokijua. Alikaa mezani na karatasi ya miraba, akagawa siku ishirini na nne kama vipindi, lakini kila alipotia penseli kwenye mraba mmoja, alifuta na kuandika upya mpaka karatasi ikajikunja.

Kesho yake alikuja mwashi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kwanza, kwa kuwa kila hoja yake ilianza na neno hilo, na mara chache sana ilifika kwenye pili.

"Kwanza," alisema, salamu zikiwa bado hewani, "tutazame juu."

"Juu kuna nini, fundi? Shida yangu iko chini."

"Kwanza juu, Mwalimu. Kazi ya nje inashuka na maji. Tunaziba mfereji wa paa, halafu ukuta, halafu mtaro wa chini, halafu ndiyo hiyo njia yako ya kiti. Sakafu ya uani baadaye, rangi baadaye, maua mwisho kabisa. Ukianzia chini, kila utakachofanya juu kitakuja kukuchafulia."

Alipima ngazi kwa futi yake ya chuma. Kila moja sentimita kumi na tano. Akaandika arobaini na tano kwenye kiganja kwa kalamu, akakuna kidevu.

"Kwanza nikwambie ukweli. Kiti cha magurudumu hakipandi kama mbuzi. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Hapo tunahitaji karibu mita tano na nusu, na wewe hapa mbele una nne."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana ikipinda. Tunaanzia getini, tunafika ukutani, tunakata kona, tunapanda sambamba na ukuta mpaka kibarazani." Alinyoosha mkono kuonyesha, na mkono ukapita juu ya mawaridi. "Ngazi zitavunjwa. Na haya maua yatahama."

Mwalimu aliandika: *ngazi zivunjwe, siku ya 14*. Aliandika haraka, kama anayeng'oa plasta kwenye kidonda.

Wifi yake alifika jioni. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mshonaji, mwanamke wa kuingia nyumbani kwa kaka yake bila hodi na kutoka bila kwaheri. Aliisoma ratiba akiwa amesimama.

"Rangi iko mwisho? Wifi, watu watamiminika hapa kumpa pole. Wakute ukuta una magamba kama mamba?"

"Plasta ikiwa mbichi haishiki rangi. Fundi kasema."

"Fundi, fundi. Haya. Na kaka umemwambia kuhusu ngazi?"

Mwalimu aliichukua ratiba mkononi mwake, akaikunja.

"Usimwambie," wifi alisema, na sauti yake ikashuka. "Daktari kasema asipewe mawazo. Juzi alilia kwa sababu ya soksi tu, hukuniona nilivyotoka nje? Akifika akute imekwisha. Kilichokwisha hakiumi sana."

Mwalimu alikubali. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya mgonjwa. Ukweli ni kwamba hata yeye hakuwa na mdomo wa kusema maneno yale.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri mno, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. Mfereji wa paa ulizibwa. Plasta mbovu ilibanduliwa, ukuta ukabaki matofali matupu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alitoka kutazama mawingu. Darasani alijikuta akisimama dirishani katikati ya somo, chaki mkononi, wanafunzi wakimsubiri amalizie neno. Alihesabu siku alipokuwa akipiga mswaki. Aliota ameupanga mtaro Jumatano na darasa la nne likiwa ndani yake.

Na kila jioni alikwenda hospitalini kudanganya.

"Nyumbani kukoje?" mumewe aliuliza.

"Kupo tu."

"Mawaridi unayamwagilia?"

"Kila siku."

Mumewe alimtazama. Miaka ishirini ya kutafuta waya uliokatika ndani ya kuta ilimfundisha kutazama vitu taratibu. "Siku hizi unafundisha kwa chaki mpaka kwenye nywele?" aliuliza.

Mwalimu alijipangusa kichwa. Ilikuwa vumbi la saruji. Alicheka, kicheko kikatoka kikavu, na akabadilisha mazungumzo.

Siku ya tisa, simu iliita akiwa ofisi ya walimu. Alikuwa muuguzi wa wodi. Vitanda vilikuwa havitoshi, na mgonjwa wake alikuwa anaendelea vizuri kuliko walivyotarajia. Angeweza kutoka wiki ijayo, Ijumaa.

"Ijumaa ipi?" Mwalimu aliuliza.

"Wiki ijayo, mama. Zimebaki siku saba. Si habari njema?"

"Njema sana," alisema, akakaa chini.

Alifika nyumbani akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu kisigino kimoja kilikatika njiani na hakuwa na muda wa kuchechemea. Fundi Kwanza alikuwa anakoroga plasta.

"Wacha ukuta," Mwalimu alisema. "Tuvunje ngazi kesho."

"Kwanza, Mwalimu, tunamaliza mtaro. Sijui chini ya hizo ngazi kuna nini. Nikiumaliza nitaona udongo, nitaona kama kuna..."

"Fundi, zege linataka siku ngapi?"

"Kwanza saba. Ukinilazimisha, tano."

"Basi hesabu mwenyewe."

Fundi alihesabu kwa vidole vyenye saruji. Akahesabu tena kuanzia kidole kingine, kana kwamba jibu lingebadilika. "Mimi hapa sisemi kitu," alisema mwishowe. Neno lake la kila siku halikuwemo, na Mwalimu hakulipenda hilo.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Fundi alishusha sururu kwenye ngazi ya juu, na Mwalimu, aliyekuwa amejiapiza kutazama, aliingia jikoni akafungua redio. Wifi yake alikuwa uani, akiyang'oa mawaridi na kuyapanga kwenye debe, mikono ikimchuruzika damu kwa miiba kwa kuwa alikataa glavu. Ngazi ya juu ilivunjika. Ya kati ikavunjika. Kisha ikasikika sauti kama ya mtu anayefoka, na fundi akapiga ukelele.

Mwalimu alikimbia nje. Chini ya ngazi ya tatu maji yalikuwa yanaruka kufika kiunoni, meupe, yenye nguvu. Sururu ilikuwa imepasua bomba kuu la nyumba.

"Koki iko wapi?" fundi alipiga kelele, akiwa amekandamiza tundu kwa gunia. "Koki kuu! Funga!"

"Sijui!"

"Nyumba yako mwenyewe?"

"Yeye ndiye anayejua!"

Walitafuta. Wifi alizunguka nyuma ya nyumba, akafunga kila bomba aliloliona, hata la sinki la kufulia. Maji yaliendelea. Yaliteremka kwenye mtaro ambao haujakwisha, yakajaa, yakalamba ukuta, na Mwalimu aliona kipande cha kwanza cha plasta ya jana kikilegea kikaanguka ndani ya tope. Kisha kingine. Fundi alikuwa amelowa mpaka kofia.

"Mpigie," fundi alisema.

"Wifi, usimpigie," wifi alisema. "Tutafute mtu wa maji wa mtaani. Nitamleta sasa hivi."

"Mpaka umlete, msingi utakuwa unaogelea," fundi alisema. "Mpigie, Mwalimu."

Mwalimu alishika simu kwa mikono yenye tope. Ilimchukua mara tatu kuipata namba anayoijua kwa moyo.

"Bi Ratiba," mumewe aliitika. "Leo mapema."

"Koki kuu ya maji iko wapi?"

"Koki kuu ya nini? Hayo maji ninayoyasikia ni ya wapi?"

"Tafadhali, niambie kwanza."

"Uko wapi? Nini kinaendelea?"

Basi akasema. Yalitoka yote kwa pamoja, bila mpangilio hata kidogo: ngazi, sururu, mawaridi, kiti, mita tano na nusu, bomba. Alijisikia akisema "nimezivunja" mara mbili. Upande wa pili hapakuwa na sauti isipokuwa toroli la dawa likipita wodini. Alifikiri simu imekatika.

"Kona ya uzio," mumewe alisema polepole. "Upande wa jirani. Kuna kigae cha bluu kimefunikwa na majani. Kiinue. Geuza kulia, ni ngumu, tumia koleo."

Mwalimu aliyarudia maneno hayo kwa sauti, na kabla hajamaliza wifi alikuwa amekwisha kukimbia. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono yake iliyochanika. Muda si mrefu maji yalishuka, yakakohoa, yakakata. Uani pakawa kimya. Mwalimu aliweka tena simu sikioni, lakini mumewe alikuwa amekwisha kukata.

Alikwenda hospitalini vilevile alivyokuwa, gauni limekauka tope mpaka magotini. Mlinzi alimtazama akampisha. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, ameelekea ukutani.

"Nilitaka ukute imekwisha," Mwalimu alisema.

"Nani alikwambia nataka kukuta imekwisha?"

"Tuliogopa utaumia."

Aligeuza uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nimevunjika mgongo. Ulimi haujavunjika. Mngeniuliza tu, ningewaambia kuna bomba. Nililipitisha pale mwenyewe." Akashika ukingo wa shuka. "Siku kumi unakuja hapa, unaniambia unamwagilia mawaridi. Na mimi nakuona una saruji kichwani, nawaza, huyu anajenga chumba. Anajenga chumba cha nje aniweke huko."

Katika hesabu zote za Mwalimu za siku na mita, hilo halikuwa kwenye mraba wowote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kichwa kwenye bega la mumewe, tope na yote, na safari hii alilia yeye. Mumewe alimwacha alie. Hakumbembeleza, lakini hakusogea.

Baada ya muda alisema, "Una hiyo karatasi?"

Alikuwa nayo. Ilikuwa imelowa na penseli imesambaa. Mumewe aliikunjua juu ya mapaja yake, akaisoma kama anavyosoma mchoro wa umeme, akifuata mstari kwa kidole.

"Hii kona umeipa upana gani?"

"Mita moja."

"Nitakwama. Kiti hakigeuki kwenye mita moja. Wananifanyisha mazoezi hapa, najua. Nipe mita moja na nusu, iwe tambarare nipumzike. Na mlangoni pia iwe tambarare, nitulie nifungue mwenyewe. Sitaki kufunguliwa mlango wa nyumba yangu." Kidole kilisogea. "Rangi futa. Sakafu ya uani futa, mtaweka nikiwepo. Plasta ya ukuta?"

"Imeanguka nusu."

"Mwambie fundi aache nafasi ya kiganja kati ya zege na ukuta. Maji yapite, na plasta ipigwe baadaye. Na geti?"

Mwalimu alimtazama. Geti hakuwa ameliweka kwenye ratiba kabisa. Aliliona siku ya kwanza, akalisahau.

"Sentimita sitini na tano lile," mumewe alisema. "Kiti kina sitini na nane. Ningefika nikabaki barabarani kama gunia la mkaa." Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulicheza upande mmoja. "Ling'oeni. Na daktari nitamwomba mimi. Ijumaa haifai, nitamwambia anipe mpaka Jumatatu. Hawawezi kumtoa mtu ambaye nyumbani kwake hana pa kuingilia."

Alipewa mpaka Jumatatu.

Siku zile zilizobaki Mwalimu hakulala sawasawa, lakini kazi ilikwenda. Bomba lilihamishwa pembeni. Mbao za kuzungushia zege zilipigwa Jumapili, na fundi akapiga simu wodini mwenyewe kuuliza upana wa kona. Walizungumza dakika ishirini, wakabishana kuhusu nondo, na fundi akarudi akiwa ameridhika. "Mzee anajua kazi," alisema. "Kwanza anajua kazi." Zege lilimwagwa Jumatatu asubuhi. Kutwa mara mbili wifi alikuja kulimwagia maji lisipasuke, akiwa amefungwa bandeji vidole vinne, na neno rangi hakulitaja tena. Alhamisi mvua ilinyesha saa nzima. Mwalimu alisimama chini ya mwavuli akitazama ile nafasi ya kiganja, mpaka alipoona maji yakipita humo na kutokea mtaroni. Hata hivyo hakurudi ndani mpaka ilipokatika.

Jumatatu iliyofuata gari la hospitali lilisimama mbele ya nyumba saa nne asubuhi. Geti halikuwepo, palikuwa na nguzo mbili tu. Ukuta ulikuwa nusu plasta, nusu matofali. Uani kulikuwa na tope lililokauka na alama za viatu. Mawaridi yalikuwa kwenye madebe, matatu yakiwa yamenyauka. Katikati ya uchafu huo wote, zege la kijivu lilipanda, likapinda, likafika mlangoni.

Mumewe alishushwa kwenye kiti. Alitazama mahali zilipokuwa ngazi, muda mrefu kiasi kwamba wifi alianza kukohoa. Fundi Kwanza alivua kofia.

"Kwanza," fundi alisema, akaishia hapo.

"Msinishike," mumewe alisema.

Alishika magurudumu akaanza. Mita ya kwanza aliipanda haraka. Ya pili mabega yakaanza kutetemeka. Ukingo wa pembeni ulikuwa haujajengwa bado, fundi alisema wiki ijayo, na Mwalimu aliona gurudumu la kushoto likisogea kwenye ncha, upana wa vidole viwili, kisha kimoja. Alinyoosha mikono bila kujua. Wifi alimshika kiwiko, akambana.

Gurudumu lilirudi. Mumewe alifika kwenye kona, akatulia juu ya tambarare, kifua kikipanda na kushuka. Jasho lilimdondoka kidevuni. Alijigeuza; kona ilitosha, ikabaki na nafasi. Hakutazama nyuma. Alimaliza kipande cha mwisho kwa kusukuma na kupumzika, kusukuma na kupumzika, mpaka magurudumu ya mbele yakafika mlangoni.

Hapo alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Mwalimu alipanda haraka akamtilia ufunguo mkononi.

"Ingia wewe kwa jikoni," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Niache hapa kidogo."

"Uko sawa?"

"Sijui. Niache kidogo."

Mwalimu alizunguka nyuma. Alipita jikoni, akafika sebuleni, akasimama upande wa ndani wa mlango, mikono imefungwa kifuani. Nje alisikia wifi akiwaambia watu wa gari wanywe maji kwanza. Alisikia pumzi nzito karibu sana na ubao, na kisha kimya. Alijizuia kushika kitasa. Alihesabu mpaka thelathini, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Kisha ufunguo ukaingia kwenye tundu, ukakwaruza, ukakosa, ukaingia tena.